Habari Inapoingia Sebuleni



Wasomaji wapendwa, juma hili safu yetu haina mapishi wala mashauri ya ndoa. Ina jambo zito, nami nawaomba wale mnaoisoma kwa sauti mbele ya watoto muisome kwanza peke yenu, kisha muamue.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe 8 Juni 2018, ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani. Tulikuwa tumefuturu katika nyumba moja hapa Kileleshwa, ghorofa ya nne, wanawake tisa na watoto wasiohesabika. Mitaa yetu mnaijua ilivyogeuka: palipokuwa na nyumba moja ya zamani yenye bustani na miti, sasa pamesimama ghorofa kumi, na sisi watu wa pwani tumezijaza ngazi zake harufu ya kaimati na viazi vya karai, hata walinzi wa langoni huijua magharibi kabla ya kusikia adhana. Wanaume walikuwa wamekwenda tarawehe. Sisi tulibaki mkekani na simu zetu.

Habari iliyokuwa ikipita katika simu zile ni ya Anthony Bourdain, mpishi na mwandishi wa Kimarekani aliyezunguka dunia akila vyakula vya watu na kuvisimulia kwenye televisheni. Alikuwa amejiua huko Ufaransa. Jina lake halikuwa geni kwetu, kwani mapema mwaka ule alikuwa hapa Kenya akirekodi kipindi chake. Kilipokuja kuonyeshwa mwezi wa Septemba, mwenyewe hayupo tena. Siku tatu kabla yake, tarehe 5 Juni, alikuwa amejiua Kate Spade, mbunifu wa mikoba, huko New York. Mmoja wetu alikuwa na mkoba wenye jina lake, sijui kama ulikuwa wa kweli au wa Eastleigh, akauinua ili sote tuuone.

Maneno yetu ya usiku ule nayakumbuka moja moja, kwa sababu baadaye nililazimika kuyakumbuka. Mmoja aliuliza marehemu alitumia njia gani, na mwenzake tayari alikuwa na jibu, akalisoma kwa sauti pamoja na maelezo ya chumba. Mwingine akasema: mali yote ile, safari zote zile, na bado hakuona sababu ya kuishi, basi sisi tusemeje? Wa tatu akasema kuwa mambo haya huwafika wasiokuwa na imani, Waislamu hatunayo. Huyo wa tatu nilikuwa mimi. Mkubwa wetu akakata maneno kwa kusema kuwa mwenye kujiua ni wa motoni na mazungumzo yake hayafai baada ya futari. Tukahamia kwenye nguo za Idi.

Binti mmoja wa ukoo wetu alikuwa akikusanya vikombe. Umri wake ulikuwa miaka 26, ana mtoto wa kwanza wa miezi mitano, na sote tulimwona amekonda tukasema ni kunyonyesha. Ulipita zaidi ya mwaka ndipo aliponiambia, tukiwa wawili tu garini katika msongamano wa magari: “Shangazi, usiku ule mlikuwa mkinizungumza mimi, nami nimesimama na sinia.”

Amenipa ruhusa niyaandike aliyonieleza, kwa sharti kwamba asijulikane. Nimebadilisha machache yasiyobadilisha maana.

Alisema kuwa fikra za kujiua alikuwa nazo tangu wiki za mwanzo baada ya kujifungua. Hazikumjia kwa sababu ya mtu yeyote mashuhuri. Zilimjia katika kukosa usingizi, katika kuhisi kwamba mtoto angelelewa vyema zaidi na mtu mwingine, na kila alfajiri alizifukuza kwa dhikri. Lakini juma lile la habari mbili lilimfanyia jambo ambalo hakulitarajia. Fikra ambayo mpaka hapo ilikuwa kama ukungu, sasa ilikuwa na uso, na jina, na njia. Alikisoma kila kilichoandikwa kuhusu wale wawili, usiku, huku akinyonyesha. Alitafuta humo kitu kimoja tu: kama mtu huyu, mwenye kila ninachokikosa, ameshindwa, mimi ninangoja nini? Sisi tuliisoma habari kama habari. Yeye aliisoma kama hoja.

Nimelitafakari neno hili miaka kadhaa, nikaona linaafikiana na yale ambayo wataalamu wamekuwa wakiyasema kwa muda mrefu. Mwaka 1974 mwanazuoni wa elimu ya jamii wa Marekani, David Phillips, alilinganisha tarehe za habari za kujiua zilizotangazwa sana magazetini na idadi ya watu waliojiua baada yake. Aligundua kwamba habari ikipewa kurasa za mbele, idadi hupanda. Baada ya kifo cha mwigizaji Marilyn Monroe, Agosti 1962, watu waliojiua Marekani waliongezeka kwa takriban asilimia 12 katika mwezi mmoja. Alipojiua mchekeshaji Robin Williams, Agosti 2014, watafiti walihesabu miezi mitano hadi mwisho wa mwaka wakakuta ongezeko la karibu asilimia 10 juu ya idadi iliyotarajiwa, zaidi ya watu 1,800. Na mwaka 2020, uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali ulionyesha kuwa baada ya habari za mtu mashuhuri kujiua, hatari ya wengine kujiua ilipanda kwa asilimia 13, na pale ambapo njia aliyoitumia ilitajwa, vifo vya njia ileile vilipanda kwa asilimia 30.

Takwimu hizi zisisomwe vibaya. Habari haimchukui mtu aliye salama ikamtupa shimoni. Wengi husikia, wakasikitika, wakaendelea na siku yao. Inamgusa zaidi yule aliyekwisha kufika ukingoni, na hasa anapojiona anafanana na marehemu kwa umri, kwa jinsia, au kwa aina ya majonzi. Kuna wengine ambao habari hiyohiyo huwaamsha wakatafuta msaada. Juma lile la Juni 2018 simu za msaada za Marekani zilipigwa kwa wingi kuliko kawaida. Tofauti, kwa sehemu kubwa, iko katika namna habari inavyosimuliwa, na hapo ndipo mimi na wewe tunapoingia.

Wenye kuhusika na magazeti walikwisha kupewa somo lao. Mjini Vienna, Austria, watu walikuwa wakijiua katika reli ya chini ya ardhi, na magazeti yakieleza kila tukio kwa picha na vichwa vikubwa. Mwaka 1987 wataalamu waliwaomba wahariri wapunguze: wasieleze njia, wasiweke ukurasa wa mbele, wasiseme sababu ni moja tu. Wahariri walikubali, na katika muda mfupi matukio ya reli ile yakashuka kwa zaidi ya robo tatu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kwa wanahabari mwaka 2000 na limeurudia kuuboresha mara kadhaa. Ukitazama baadhi ya vichwa vya habari vyetu hapa Kenya, ambamo njia hutangulia hata jina la marehemu, utadhani mwongozo huo uliandikwa kwa ajili ya sayari nyingine.

Lakini siku hizi mhariri ni nani? Habari haifiki nyumbani kwa gazeti. Inafika kwa kundi la WhatsApp la ukoo, la jengo, la darsa, na mwenye kuisambaza ni mama aliyetoka kusali adhuhuri. Katika Suratun Nisaa, aya ya 83, Mwenyezi Mungu (S.W.) anawalaumu watu ambao likiwajia jambo la amani au la hofu hulitangaza papo hapo, badala ya kulirejesha kwa Mtume na kwa wenye madaraka wanaoweza kulipima. Tumezoea kuisoma aya hii tukifikiria vita na siasa. Ni katika sura hiyohiyo, aya ya 29, ambamo wanazuoni huchukua ushahidi wa katazo la mtu kuiua nafsi yake, na aya hiyo inakamilika kwa kutaja rehema za Mola kwetu.

Hapo kwenye rehema ndipo nitakapokaa kidogo, maana yule binti aliniambia jambo lililonikosesha usingizi. Alisema katazo la dini ndilo lililomshika mkono. Alijua tangu madrasa kwamba roho ni amana, na alfajiri nyingi hilo peke yake lilitosha. Kilichomvunja ni hukumu yetu mkekani. “Mliposema ni wa motoni,” alisema, “sikuogopa kufa, Shangazi. Niliogopa kuwaambia.” Alihisi kwamba kule kuwa na fikra tu kumekwisha kumtoa katika Uislamu, na kwamba akifungua mdomo atakuwa mwanamke asiye na imani, na pengine mtoto ataondolewa mikononi mwake. Akanyamaza wiki nyingine.

Basi katazo na hukumu ni vitu viwili, na sisi usiku ule tulivichanganya. Katazo ni zito na halina mzaha. Hadithi zake zimo katika Bukhari na Muslim, wala simlegezei mtu jambo ambalo sheria imelikaza. Bali kumhukumu mtu fulani aliyekwisha kwenda mbele ya Mola wake, au kumfanya mgonjwa aone amekwisha hukumiwa angali hai, hiyo si kazi yetu. Imam Muslim amepokea katika Sahihi yake, kutoka kwa Jabir (R.A.), kisa cha sahaba Tufayl bin Amr wa kabila la Daws, aliyehamia Madina pamoja na mtu wa kabila lake. Hali ya hewa ya Madina haikumwafiki yule mtu, akaugua, subira ikamwishia, akajidhuru mikono akafa. Tufayl alimwona ndotoni yu katika hali njema, lakini mikono yake imefunikwa. Alimwambia kuwa Mola amemsamehe kwa kuhama kwake kumfuata Mtume, ila alichokiharibu mwenyewe hakikutengenezwa. Tufayl akaipeleka habari kwa Mtume (S.A.W.), na Mtume akaiombea msamaha hata ile mikono. Imam Nawawi ameeleza kwamba kisa hiki ni dalili kuwa aliyejiua hatoki katika Uislamu kwa tendo hilo, wala hatuwezi kumkatia kuwa ni wa motoni. Yumo katika matakwa ya Mwenyezi Mungu. Ndiyo maana madhehebu yetu ya Shafii, pamoja na wanazuoni walio wengi, husema aoshwe, akafiniwe na kusaliwa, ingawa imepokewa kuwa Mtume mwenyewe aliacha kumsalia mmoja wao, jambo ambalo wameliona kuwa ni onyo kwa walio hai.

Na kuhusu hiyo imani niliyojigamba nayo mkekani: Bi Maryam (A.S.), chini ya shina la mtende, katika uchungu wa uzazi, alitamani lau angekufa kabla ya siku ile na kusahaulika kabisa. Kurani imeyahifadhi maneno yake wala haikumkemea. Iliyomjia ni sauti ya kumwambia asihuzunike, na maji, na tende. Nabii Yaqub (A.S.) alilia mpaka macho yake yakawa meupe. Mwenye kutaka kusema huzuni kubwa ni upungufu wa imani, aanze na hao wawili.

Serikali nayo ilikuwa na hukumu yake. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya anayejaribu kujiua kuwa mhalifu, adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Fikirieni: mwanamke ameokolewa, amelazwa, na mlangoni pa wodi askari anamngoja. Familia nyingi zilificha, zikamwambia daktari ni ajali, na mgonjwa akarudishwa nyumbani bila ya kutibiwa kilichomfikisha pale. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Nairobi alitangaza kuwa kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Miongoni mwa waliopeleka kesi hiyo ni Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Sijui kama hukumu ile ilizungumzwa katika darsa yoyote ya akina mama. Ingefaa izungumzwe, maana hofu ya polisi bado imo vinywani mwetu.

Sasa tuseme habari kama ile imeingia tena usiku wa leo, na itaingia, kwani watu mashuhuri hawaishi na simu hazilali. Njia aliyoitumia marehemu usiiulize, na ukiijua usiiseme. Video na picha zikome kwako. Usiseme “sasa amepumzika”, kwa kuwa aliyechoka sana anaposikia neno hilo husikia mwaliko. Wala usiseme “alifanya hivi kwa sababu mumewe alimwacha”, kwa kuwa aliyeachwa yumo humo chumbani. Jambo hili karibu kila mara huwa na mizizi mingi, na maradhi yanayotibika ni mojawapo ya mizizi hiyo. Zungumza zaidi juu ya waliofika ukingoni wakarudi. Watafiti wa Austria walionyesha mwaka 2010 kwamba habari za watu waliopata fikra hizi, wakapambana nazo na wakaishi, zilihusiana na kupungua kwa vifo. Walilipa jambo hilo jina la Papageno, mshika ndege katika mchezo wa Mozart, ambaye watoto watatu humkumbusha kwamba bado ana njia nyingine. Kisha, ukimaliza kusema, watazame walio kimya.

Na umuulize. Hili ndilo tunaloliogopa kuliko yote, tukidhani kuuliza ni kumtia mtu fikra kichwani. Tafiti nyingi zimelichunguza na hazikukuta hivyo. Aliye nayo hupata nafuu kwa kuulizwa, na asiye nayo hujibu hapana. Akijibu ndiyo, usimhutubie. Kaa naye, usimwache peke yake, vitu vya hatari viondolewe karibu naye, na atafutiwe tabibu kama anavyotafutiwa mwenye homa kali. Hapa Nairobi ipo hospitali ya taifa ya Mathari, na Mombasa hospitali ya Port Reitz ina huduma za afya ya akili. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199, na Befrienders Kenya kwa 0722 178 177. Ruqya na dua viendelee, Mtume (S.A.W.) alitufundisha tusitamani kifo kwa shida iliyotufika, bali tumwombe Mola atuweke hai maadamu uhai una heri kwetu, na pia alituamrisha tujitibu.

Mtakuwa mnauliza ni nani aliyemuuliza binti wetu, kwani si mimi. Ni bibi yake mzaa mama, aliyepanda kutoka Mji wa Kale wa Mombasa kuja kufunga kumi la mwisho na mjukuu wake. Usiku ule mkekani alikuwepo, hakusema neno, na wengi wetu tulidhani hafuati mazungumzo kwa kuwa hayo ya simu yalikuwa ya Kiingereza. Yeye alikuwa akihesabu. Alihesabu kwamba mjukuu wake hagusi daku siku ya nne ile, na kwamba taa ya chumbani haizimwi. Tulipokwisha kuondoka alimfuata jikoni, akachukua kitambaa, akaanza kufuta vikombe. Akamuuliza, kama anavyouliza bei ya ndizi: “Mwanangu, umechoka na kazi, au umechoka na kuishi?”

Binti alikaa chini, pale pale kwenye vigae vya jikoni. Bibi naye, na magoti yake yale, akakaa.

Tangu usiku ule mpaka siku ya Idi alilala chumbani mwao, mume akahamishiwa sebuleni bila ya kuelezwa mengi mpaka mwenyewe alipokuwa tayari kueleza. Mtoto aliamshwa na kulazwa na bibi. Baada ya Idi wakaenda kwa daktari wote watatu, na daktari akawaambia kuwa maradhi haya baada ya uzazi yana jina na yana dawa. Ilichukua miezi, na siku nyingine alirudi nyuma. Bibi alikuwa amekuja na nguo za siku kumi. Alirudi Mombasa mfungo tatu, na mpaka sasa akipiga simu, kabla ya kuuliza habari za mtoto, huuliza: “Umelala?”